Wale Askari Saba



Mimi si mtu wa sinema. Katika umri wangu huu uliopita miaka hamsini, picha nyingi nilizoziona ni zile zilizokuwa zikionyeshwa katika mabanda ya video siku za mnada, nazo niliziona nikiwa nimesimama mlangoni, nikiwatafuta wanafunzi wangu waliotoroka darasa la Alasiri. Basi nisingethubutu kuandika habari za picha iliyosifiwa na wajuzi wa sehemu nyingi za dunia, lau picha hiyo isingeingia ndani ya nyumba yangu hapa Mtinko na kumtia mwanangu huzuni ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyeialika.

Picha hiyo yaitwa Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe. Ilitoka mwaka 2016, nayo ni kazi ya kampuni ya Walt Disney ya Marekani. Aliyeiongoza ni Bibi Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye Kampala ni kwake kwa miaka mingi. Yasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa mafukara katika jiji hilo la Kampala. Baba yake alifariki angali mdogo sana, shule ikamshinda kwa ada, akawa akizunguka kuuza mahindi ili nyumbani kwao papikwe. Siku moja akamfuata nduguye hadi mahali ambapo mwalimu mmoja, Robert Katende, alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Akajifunza, akawashinda wote, akasafiri mpaka Sudan, na mwaka 2010 mpaka Urusi kwenye mashindano ya mataifa, na mwisho wa picha mama yake apata nyumba.

Najua wako watakaouliza juu ya sataranji yenyewe. Wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani: wako walioikataza kabisa, na wako walioichukia tu pasipo kuiharimisha maadamu haina kamari wala haimpotezi mtu Sala. Hilo lina mahali pake, wala silo lililonishikisha kalamu leo.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alipomaliza darasa la saba jina lake halikutoka. Mzazi aliyepatwa na jambo hili ajua nyumba inavyokuwa. Mtoto hasemi, hali vizuri, na akitumwa dukani hupita njia ya nyuma asikutane na wenzake waliochaguliwa. Nikawa natafuta neno la kumtia moyo, nisilipate. Ndipo mpwa wangu, ambaye ni fundi wa simu mjini Singida, alipokuja kututembelea na kompyuta yake, akaniambia, "Mjomba, ninayo picha ambayo ni dawa ya huyu. Na aione, atajua kuwa ufukara na kukosa shule si mwisho wa mtu." Nikafurahi. Nikamwita binti yangu mimi mwenyewe, nikamkalisha mbele.

Tuliitazama baada ya Isha, tumekaa mkekani, mke wangu nasi na watoto wawili wa jirani. Nitasema haki: mambo mengi ya picha ile ni mazuri. Sehemu kubwa ilipigwa hukohuko Katwe, na mtu huyaona matope, mabati na moshi wa jikoni akavijua. Binti aliyemwigiza Phiona, Madina Nalwanga, ni mtoto wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza sinema kabla ya hapo. Mama aigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, na alipouza nguo yake ya thamani ili mwanawe apate mafuta ya taa ya kusomea usiku, mke wangu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Wala hakuna mgeni atokaye ng'ambo kuja kuwaokoa watu weusi, kama tulivyozoea kuona. Mwokozi ni Katende, naye ni mtoto wa ufukara kama wao. Kwa haya walioisifu hawakukosea. (Ijapokuwa waliosifu walikuwa wengi kuliko waliolipa kiingilio: yasemekana iligharimu kama dola milioni 15, na sinema zote za dunia zikairudishia kama milioni 10 tu.)

Basi iliniudhi wapi? Iliniudhi mahali palepale ambapo wengine hushangilia. Katika mchezo ule kuna kete ndogo kuliko zote, nazo ni askari wa miguu. Askari akivuka ubao mzima akafika mwisho wa upande wa adui, huruhusiwa kugeuzwa malkia. Picha nzima imejengwa juu ya jambo hilo: kidogo chaweza kuwa kikubwa. Mpwa wangu akaisimamisha picha atueleze vizuri, kwa kuwa alitaka hasa binti yangu alishike neno hilo. Akasema kila upande una askari wanane, na mmoja akivuka, huyo huwa malkia.

Binti yangu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza, "Na wale saba?"

Mpwa wangu akacheka. "Wale huliwa," akasema, akaiendesha picha.

Tangu hapo sikuweza kuitazama kama wengine. Nikaanza kuwatafuta wale saba, na kila nilipowaona, picha ilikuwa ikiwapita mbio. Yuko dada mkubwa wa Phiona, aitwaye Night, aliyemfuata mwanamume mwenye pikipiki kwa sababu ya dhiki, kisha akarudi kwa mama yake. Huyo hakuwa na kipaji cha sataranji, na kwa hiyo hakupewa mlango. Wako watoto wa mtaa wanaojaa barabarani kumpokea bingwa, wanaruka na kuimba. Picha ikiisha bingwa ana nyumba, nao wamerudi walikotoka, na Katwe yabaki Katwe. Hapana aliyenieleza nani aliwatoa hao, au kama kuna aliyefikiri wastahili kutolewa.

Sisemi kwamba Phiona hakustahili. Nilifurahi nilipoambiwa kwamba mwaka 2017 yeye na mwenzake wa timu ileile, Benjamin Mukumbya, walikwenda kusoma chuo kikuu huko Marekani, katika jimbo la Washington. Mwenyezi Mungu awazidishie. Nami sidai kwamba picha ya saa mbili ibebe watu wote wa mtaa. Lakini aliyeitengeneza alikuwa na neno kubwa kuliko taji mkononi mwake, akaliweka mwanzoni kama kiingilio tu. Neno hilo ni uji. Wale watoto hawakumwendea Katende kwa ajili ya sataranji. Walikwenda kwa sababu walikuwa na njaa na pale palikuwa na kikombe cha uji. Kikombe kile hakikumwuliza mtoto kama ana kipaji. Alipewa aliyekuja kuwa bingwa, akapewa na yule ambaye hata leo hatumjui jina. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari yenyewe, na yaliyofuata ni matunda yake mamoja kati ya mengi.

Haya nayajua kwa sababu na sisi tuna sufuria. Huku kwetu uwele na mtama huvunwa baada ya mvua kwisha, na kuanzia Januari hata Machi vihenge vingi huwa vimekwisha na vitu vipya bado ni vya kijani shambani. Miezi hiyo mtoto akija madrasa asubuhi bila kula, herufi humkimbia machoni. Kwa hiyo hupika uji, ukiwa mzito unga ukiwapo, ukiwa mwepesi unga ukipungua.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo si rahisi kwangu. Nilipokuwa nikiilaumu ile picha moyoni, nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nimeitengeneza picha kama hiyo katika madrasa yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye kumbukumbu ya ajabu. Usomalo mara mbili alikurudishia. Nikamweka mbele, nikampa saa zangu, na mwaka ambao alizeti iliuzwa vizuri nikazunguka nyumba kwa nyumba mpaka tukapata nauli na ada ya kumpeleka chuoni pwani. Kijiji kizima kilimsindikiza. Yuko mbali sasa, ana mzigo wake wa maisha, simlaumu.

Lakini katika darasa lilelile palikuwa na kijana mwingine aliyekaa karibu na mlango. Hakuvuka Juzuu Amma. Mimi nilimtumia kuteka maji na kukoroga sufuria, kwa kuwa niliona kichwa chake hakinifai. Huyo leo afanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na kila mwaka mwezi wa kwanza huleta gunia la uwele kwa ajili ya uji wa watoto. Mwaka mmoja nilipokuwa nikimshukuru mbele ya watu, aliniambia polepole, bila chuki, "Ustadhi, miaka yote ile hukulijua jina langu. Ulikuwa ukiniita wewe wa mlangoni."

Nimesomesha Surat Abasa mara zisizo na idadi. Nimewaeleza watoto habari za yule kipofu aliyekuja kutafuta mafunzo wakati Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na jinsi sura ilivyoshuka kwa ajili ya kipofu huyo. Nalisomesha haya kwa sauti kubwa na fimbo mkononi, wala sikugeuza uso kutazama mlangoni.

Yako mengine ya namna hii nje ya Afrika. Ile Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, yenye kijana wa Kiislamu wa Mumbai ambaye mama yake auawa katika ghasia, ilipewa tuzo 8 za Oscar mwezi wa Februari 2009. Huko kijana hatoki hata kwa kipaji. Atoka kwa maswali ya bahati kwenye televisheni. Mwezi wa Mei mwaka uleule vibanda vya familia za watoto wawili walioigiza ndani yake vilibomolewa na wakuu wa jiji.

Tuirudie nyumba yangu. Picha ilipokwisha mpwa wangu alimtazama binti yangu kama mganga amtazamavyo mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa. Binti akasema ni nzuri, akaenda kulala. Asubuhi, nikitia udhu, alikuja akasimama karibu na birika.

"Baba, kwani mimi nina kipaji gani?"

Wasomaji, nilitafuta. Nilitafuta kwa haraka kama mtu atafutaye shilingi mfukoni wakati mkusanyaji nauli amemsimamia. Hasomi upesi. Haimbi kaswida vizuri. Ni mtoto mtulivu, ana huruma kwa wadogo, hachoki, haya ndiyo niliyoyaona, na hakuna ubao duniani ambao mtu huvuka kwa hayo akavikwa taji. Nikamwambia ukweli kwamba sikijui kipaji chake, na kwamba sijapata kumtoza kipaji kama bei ya kuwa mwanangu. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema angependa kujifunza kushona, lakini alikuwa akiogopa kusema kwa kuwa mimi nilikuwa nikizungumza habari za shule tu.

Nimeuza mbuzi wawili. Mama mmoja mwenye cherehani pale sokoni amekubali kumfundisha, siku nne kwa juma, na siku zilizobaki yuko nami madrasa. Wale wa mlangoni nimempa yeye awasomeshe alifu na bee, nami nimeanza kuandika majina yao yote daftarini, jambo ambalo lilipasa kufanywa miaka thelathini iliyopita.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kuuliza kama dawa yake imefanya kazi, maana amepata picha nyingine nzuri zaidi. Nilimwambia dada yake yuko nje anakoroga uji, watoto wameongezeka, na kwamba safari hii aache picha, alete sukari.