Gari la Moshi la Bububu

Mkulima wa Garsen mwenye maembe yaliyoiva huwa na macho mawili: moja hungoja lori, la pili hutazama Mto Tana. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1997 na tena mwaka 2023, barabara hukatika na maembe yakaozea chini ya miembe. Ndiyo sababu neno "reli" limekuwa tamu vinywani mwa watu tangu tarehe 2 Machi, 2012, ulipozinduliwa kule Lamu mpango wa bandari, barabara na reli za kwenda Ethiopia na Sudani ya Kusini. Bandari ilianza kazi mwaka 2021. Reli ingali ikingojwa. Basi katika kungoja huko, yafaa ikumbukwe reli nyingine ya pwani, iliyokuja kweli na kuondoka kweli.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney, ilitandika reli Unguja, kutoka mjini hata kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Gari la moshi lilipita katika njia nyembamba za mji, baina ya nyumba na nyumba. Picha za siku zile zaonyesha injini ikitoka kati ya kuta, na watu wamesimama hatua chache tu kando yake, wengine hata hawakugeuza shingo! Wako wasemao kwamba kijiji kilipata jina lake kwa mlio wa injini ile. Hadithi hiyo yapendeza, ila si kweli, kwa kuwa Binti Salme, bintiye Seyyid Said, alikwisha kukitaja Bububu katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886.

Mwaka 1911 Serikali ilinunua reli hiyo. Lakini barabara zikatengenezwa, motokaa zikazidi, na mwaka 1922 abiria wakakoma kuchukuliwa. Gari likabaki kubeba mawe ya kazi ya bandari, kisha reli zikang'olewa.

Injini haikuwa na kosa. Reli hupita pale ilipotandikwa tu, na mwenye mzigo hana budi kuufuata. Motokaa humfuata mwenye mzigo mpaka shambani kwake. Kwa mtu wa Bububu aliyebeba kikapu kichwani, tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko fahari ya moshi.

Wazee wa Garsen wafanya vema basi kuuliza mapema, kabla chuma hakijashushwa: stesheni itakuwa wapi? Na siku maji yatakapoifunika njia ya Minjila, maembe yatafikaje huko, kwa lori au kwa mtumbwi?