Kumwinda Bongo Dume wa Nyandarua

Mtaa wa Tena uko mashariki ya jiji la Nairobi, karibu na Umoja na Donholm. Nyumba zake zimesongamana, na tangu alfajiri matatu hupita zikiwapeleka watu kazini. Hapana msitu karibu, wala sauti ya mnyama wa porini haisikiki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji la Nairobi hutoka katika mito ya milima ya Nyandarua, na hukusanywa katika mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Katika misitu ya milima hiyo anakaa mnyama ambaye wawindaji wa nchi nyingi walimtamani kuliko wanyama wengine wa jamii yake, naye ni bongo wa mlimani. Wakikuyu humwita ndongoro.

Bongo ni mnyama mkubwa, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva na mistari myeupe ubavuni. Dume na jike wote wana pembe. Dume aliyekomaa huweza kupata uzito wa kilo 300, na kadiri anavyozeeka ndivyo rangi yake inavyozidi kuwa nyeusi. Majike na ndama hutembea kwa makundi madogo, lakini dume mzee hupenda kukaa peke yake. Masikio yake ni mapana mno, na akisikia kijiti kimevunjika huinua pua, akalaza pembe mgongoni, akapenya katika mianzi kama maji yapenyavyo mchangani.

Ikiwa mkazi wa Tena ataka kumwinda dume wa namna hiyo, yampasa kwanza kujua kwamba bunduki haimo katika safari yake. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 iliongeza ukali wa adhabu. Chombo cha kuwindia siku hizi ni kamera. Lakini mipango ya safari ni ile ile ya wazee, na asiyeifuata hatamwona bongo hata akikaa msituni mwezi mzima.

Jambo la kwanza ni mahali. Bongo hukaa katika msitu mzito na mianzi, tangu mita 2,000 hivi juu ya bahari mpaka mita 3,000. Kutoka Nairobi msafiri hushika njia ya Thika hata Nyeri, mwendo wa kilomita 150 hivi, kisha huendelea hadi Mweiga, yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950. Huko hapana budi afuatane na askari wa wanyama mwenye silaha, kwa kuwa katika mianzi mtu aweza kukutana na nyati au tembo hatua chache tu mbele yake. Na avae nguo nzito, maana baridi ya juu si ya mchezo.

Jambo la pili ni upepo. Mlimani hewa ya baridi hushuka bondeni wakati wa usiku na alfajiri. Jua likisha kupata nguvu hewa hupanda. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili huukaribia mteremko asubuhi akitokea chini, na mchana akitokea juu, ili harufu yake isimtangulie. Aliyesahau jambo hili amepoteza siku yake.

Jambo la tatu ni alama. Unyayo wa bongo ni mkubwa kuliko wa pongo, na ni mdogo kuliko wa nyati. Baada ya mvua alama hukaa wazi katika tope, na majani yaliyolowa hayapigi kelele chini ya mguu. Mfuataji hutazama ncha za majani zilizokatwa kwa meno, samadi, na matope yaliyopakwa juu ya mashina ya miti. Hutafuta pia mahali penye udongo wa chumvi, kwani bongo hupenda kulamba chumvi. Hata wameonekana wakila makaa ya miti iliyoungua.

Jambo la nne, nalo ni gumu kuliko yote, ni subira. Wazee wa Kiokiek wa msitu wa Mau, waliozoea kuishi kwa asali na nyama ya msituni, walijua kwamba dume mzee hafukuzwi kwa mbio, bali hungojwa.

Walakini ilikuwako njia moja ya mkato, nayo ilileta hasara kubwa. Bongo afukuzwapo na mbwa hakimbii mbali. Husimama akageuka na kuwakabili kwa pembe zake. Hapo mtu mwenye mkuki humwua bila shida. Mbwa wa wawindaji haramu, mitego ya waya, magonjwa ya mifugo, na ukataji wa miti vilimpunguza mnyama huyu mwaka hata mwaka. Leo inakadiriwa kwamba bongo wa mlimani waliobaki porini hawatimii 100, na hao wote wako Kenya: Nyandarua, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Hapana nchi nyingine duniani iliyo nao porini.

Hivyo ujuzi wa kuwinda umegeuzwa kazi yake. Tangu mwaka 2004 watu wenye kujua nyayo wamekuwa wakizunguka misitu hiyo wakitafuta alama za bongo. Hawabebi mikuki, hufunga kamera katika miti, kando ya njia za wanyama, nazo hupiga picha zenyewe mnyama apitapo. Mistari ya kila bongo ni tofauti na ya mwenzake, kwa hiyo mmoja mmoja huweza kutambuliwa. Ua wa umeme wa kilomita 400 hivi kuzunguka milima ya Nyandarua ulikamilika mwaka 2009. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa Marekani waliletwa karibu na Nanyuki ili wazaane, na mwezi wa Februari 2025 wengine 17 walifika kutoka Florida wakapelekwa Meru.

Msafiri wa Tena asije akadhani kwamba atamwona dume siku ya kwanza, wala ya tano. Wako askari waliofanya kazi katika mianzi hiyo miaka mingi, na mara walizomwona kwa macho ni za kuhesabika. Pengine atarudi na picha ya unyayo mmoja tu katika tope, maji yakiwa yameanza kuujaza. Asione haya kuwaonyesha jirani zake. Unyayo ule ni ushahidi kwamba dume yungali hai na msitu wake ungali umesimama. Na msitu huo ukianguka, habari zake hazitakawia kufika Tena, maana zitaonekana bombani.