Waya Uliobaki Kwenye Buti

Reading, Uingereza

Ndugu zangu wa nyumbani,

Jumapili mpwa wangu alinipigia kutoka Sinza, Dar es Salaam. Shikamoo haijapoa, tayari ameshanirushia picha: Mitsubishi Outlander nyeupe, ipo Japani, ile haibridi ya kuchaji kwa plagi. "Mjomba, imezidi ya petroli kama milioni nane tu, lakini mafuta nitayasahau. Nichukue?" Nikamuuliza ataichaji wapi. "Hilo tutaliona ikishafika, mjomba."

Jibu hilo limeninyima raha wiki nzima.

Gari kama hilo ninalo, la mwaka 2019. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri yake inabeba unit 13.8. Likijaa linanipeleka kilomita 35 hadi 40, kisha petroli inashika zamu. Kazini kwenda na kurudi ni kilomita 34. Kila usiku nikifika, kabla sijavua koti, natoa waya kwenye buti, hata mvua ikinyesha, nauchomeka na kuusukuma mpaka usikike "ka!", halafu nasubiri taa iwake. Huku wenye magari ya umeme tunauziwa umeme wa usiku wa manane kwa bei ya chini, kwa hiyo kujaza betri nzima kunanigharimu karibu pauni moja. Mwendo huohuo kwa petroli ni lita tatu, pauni nne na ushee. Naokoa pauni tatu kwa kila siku ya kazi, kama mia saba kwa mwaka. Nililiongezea pauni elfu tatu juu ya bei ya la petroli. Basi ni mwaka wa tano ndipo nitaanza kula faida, tena mimi ambaye sijaruka usiku hata mmoja.

Mwenzangu wa kazini analo kama langu, ila anaishi ghorofani na hana maegesho yake. Anategemea mashine za barabarani, ambako unit moja hufika hata peni 75, na kodi ndani yake ni asilimia 20, wakati umeme wa nyumbani unatozwa asilimia 5. Betri ileile inamla pauni kumi. Kumi, kwa kilomita 38! Petroli ingemgharimu chini ya nusu. Akaacha kuchaji. Sasa anaburuta betri kama mzigo wa kuni na kuinywesha injini petroli kila siku.

Wala hayuko peke yake. Kuanzia 2011 serikali ya huku ilitoa ruzuku ya hadi pauni 5,000, na mfanyakazi aliyepewa gari la aina hii na kampuni alikatwa kodi ndogo. Watu wakayakimbilia kwa ajili ya punguzo, na mengine yalirudishwa waya ukiwa bado kwenye plastiki. Mwaka 2018 ruzuku ya haibridi za kuchaji ikafutwa. Tume ya Ulaya nayo ilipokusanya takwimu za magari ya aina hii yaliyosajiliwa 2021, ilikuta barabarani yanatoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ile iliyopimwa maabara, kwa sababu hayachajiwi inavyotarajiwa.

Jamani, nyumbani mtu akifika sheli anasema "weka ya elfu ishirini" na macho hayabanduki kwenye pampu. Nawapenda kwa umakini huo. Lakini huo umakini unakwenda wapi siku ya kuagiza gari la mamilioni? Hapo tunauliza rangi, tunauliza rimu, tunauliza jirani atasema nini. Soketi hatuiulizi. Mpwa wangu amepanga chumba na sebule, mita ya Luku ni ya kuchangia na wapangaji wanne ambao tayari wananuniana kwa sababu ya friji. Akichomeka gari usiku mmoja tu, unit 13 zimekwenda, na asubuhi kikao.

Mwenye nyumba yake, uzio na Luku yake, huyo namwambia afikirie. Pima safari yako ya kila siku. Ikiwa ni Mbezi hadi Posta na kurudi, umeme utabeba sehemu kubwa. Linganisha unit 13 na lita tatu kwa bei ya EWURA ya mwezi huu. Muuzaji aandike betri imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake, maana betri huchoka na joto la Dar halina huruma. Uliza kama waya wa kuchajia unakuja na gari. Plagi ya Kijapani haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Mwite fundi akuvutie laini yake peke yake kutoka meni swichi, yenye ethi ya kweli. Ekstensheni ya kuchomekea pasi isikaribie gari, kwa sababu kuchaji ni saa tano mfululizo na waya mwembamba utayeyuka.

Na wewe mpwa wangu, chukua haibridi ya kawaida, isiyohitaji plagi. Kitakachobaki kwenye hiyo milioni nane kiweke kwenye kiwanja. Siku ukiwa na Luku yako mwenyewe, nipigie tena, nami nitakutafutia waya huku.

Mjomba wenu