Susana, Wazee Wawili na Kelele za "Mwizi!"



Wapendwa, vijana wetu wa sekondari hapa Ilala hufundishwa kuichambua hadithi fupi kwa dhamira, kinaya na wahusika wake, pamoja na taharuki inayomshika msomaji hadi mwisho. Wakiniuliza wapi watayapata yote hayo kwa pamoja, huwaelekeza kwenye sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Biblia nyingi za ndugu zetu Waprotestanti hazina sura hiyo ndani ya Danieli; sisi Wakatoliki huisoma katika Misa ya Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima.

Kisa chenyewe ni hiki. Huko Babeli, wazee wawili walioteuliwa kuwa waamuzi wanamtamani Susana, mke wa Yoakimu. Kila mmoja anamficha mwenzake aibu yake. Siku moja wanaagana kwenda kula chakula cha mchana, kisha kila mmoja anageuka na kurudi kwa siri, nao wanakutana uso kwa uso. Hapo ndipo wanapofanya shauri moja. Wanamvizia Susana bustanini na kumtisha: akubali, au watashuhudia kwamba walimkuta na kijana. Susana anakataa. Kesho yake umati unawaamini wazee, naye anahukumiwa kufa.

Mpenzi wa hadithi za upelelezi atatambua tofauti moja. Katika riwaya kama *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotolewa mwaka 1960, msomaji hungoja Bwana Msa amfumbulie fumbo. Katika kisa cha Susana hakuna fumbo kwetu, kwani tangu mwanzo twajua nani mwongo. Wasiojua ni umati. Kwa hiyo hatuulizi nani mkosaji, bali twauliza kama ukweli utawahi kufika kabla mtu asiye na hatia hajauawa. Nakiri kwamba taharuki hiyo hunisumbua zaidi kuliko ile ya fumbo.

Kinaya chake nacho ni kikubwa. Sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili ili kumlinda mshitakiwa. Wazee wakaigeuza ngao hiyo kuwa mtego, kwa kuwa wao walikuwa wawili. Lakini mtego huohuo ukawanasa wenyewe. Mwongo akiwa peke yake hakuna wa kumpinga. Wakiwa wawili, waweza kuwatenganisha. Kijana Danieli akafanya hivyo, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani aliwaona. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mwingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Tuwatazame na wahusika. Wazee wana cheo na mvi, na umati hauhitaji zaidi ya hayo. Susana hajitetei mbele ya umati. Anamlilia Mungu tu. Danieli, ambaye jina lake maana yake ni "Mungu ni mwamuzi wangu", hatoi hotuba ya kumsifu Susana. Anasimama, anakataa kushiriki damu ile, kisha anauliza swali.

Wapendwa, dhamira ya hadithi hii haiko mbali nasi. Katika msongamano wa Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi, sauti moja ikipiga kelele "mwizi!", mtu aweza kupigwa hata kufa kabla hajaulizwa jina lake. Umati wa Babeli walau ulisikiliza mashahidi wawili. Wetu hutosheka na kelele moja. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Ila Katiba haina miguu ya kukimbilia Kariakoo. Mwenye miguu ni wewe uliyesimama pale. Pengine hutaweza kuwazuia wote. Waweza kutorusha jiwe, kuwaita polisi, na kuuliza kwa sauti: nani amemwona, na amemwona wapi?

Utaniuliza, "Padre, na kama ni mwizi kweli?" Mara nyingi Injili ya Jumatatu hiyohiyo ni ile ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, ambaye Bwana Yesu alimwokoa na mawe ya washitaki wake. Susana hakuwa na kosa. Mwanamke yule alikuwa nalo, na Bwana alimwagiza asitende dhambi tena. Wote wawili walirudi nyumbani wakiwa hai.

Nawatakia juma lenye baraka. Tuwaombee waliouawa na umati bila kusikilizwa, na tuwaombee waliowaua.

Padre wenu