Kizunguzungu cha Ukoo: Barua kutoka Nairobi

Barua hii inatoka Nairobi na inawaendea wasomaji walioko Tanzania, hasa wale wenye jamaa waliohamia upande wa magharibi wa jiji hilo, kuanzia Kilimani na Lavington hadi Kawangware na Kangemi, kwa sababu ugonjwa unaozungumziwa humu humwangusha mtu mmoja ugenini ilhali chanzo chake kimo katika damu ya ukoo mzima. Ugonjwa huo huitwa von Hippel-Lindau, kwa majina ya Eugen von Hippel, daktari wa macho wa Ujerumani aliyeeleza vivimbe vya retina mwaka 1904, na Arvid Lindau wa Uswidi, ambaye mwaka 1926 alionyesha kuwa vivimbe hivyo vya jicho vina uhusiano na vile vya serebela, yaani sehemu ya ubongo iliyo kisogoni ambayo huratibu mwendo na kuuweka mwili wima. Humpata takribani mtu 1 kati ya 36,000, kwa hiyo daktari anaweza kutibu watu maisha yake yote bila kukutana nao.

Chanzo ni hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 3, ambayo ilitambuliwa mwaka 1993. Jeni hiyo ikiwa nzima hutengeneza protini ambayo, oksijeni inapotosha, huziondoa protini nyingine zinazochochea mishipa mipya ya damu kuota. Ikiharibika, seli hujiona kama zimekosa oksijeni ingawa zinayo, mishipa huendelea kuchipua, na hatimaye hujisokota kuwa uvimbe. William Kaelin, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019, aliufikia ugunduzi wake kwa kuuchunguza ugonjwa huu. Uvimbe ukiota katika serebela, au katika kifuko kidogo cha majimaji kilichoungana na sikio la ndani, usawaziko wa mwili huvurugika. Kizunguzungu cha namna hii si kule kuona giza kwa kitambo mtu anapoinuka ghafla. Ni hali ambayo chumba, barabara na watu huonekana kuzunguka ilhali vimetulia, pamoja na kichefuchefu, na sikio likiwa ndilo lililoguswa, mvumo na usikivu unaofifia, na inaweza kudumu kwa miaka hata baada ya uvimbe kuondolewa.

Mwili husimama kwa kutegemea taarifa za aina tatu: za sikio la ndani, za macho, na za nyayo pamoja na viungo. Sikio likishindwa, ubongo hujifunza polepole kuegemea macho na nyayo, na ndiyo sababu mgonjwa aliyeizoea nyumba yake huweza kuonekana mzima kabisa hadi atokapo nje. Nairobi humnyang'anya vitegemeo hivyo vyote viwili. Matatu, yaani basi la abiria, ya namba 46 iendayo Kawangware, ikiwa ni mojawapo ya zile ambazo vijana huziita nganya, huwa na skrini, taa za rangi zinazowaka na kuzimika, na muziki unaotikisa viti, hivyo macho hayapati kitu kilichotulia cha kushikilia. Makanga, yaani kondakta, humhimiza abiria ashuke gari likiwa bado linasogea. Na anaposhuka hukanyaga ukingo wa barabara wenye kokoto, matope na bidhaa za wachuuzi, ambako nyayo hazipati habari ya kuaminika. Umeme ukikatika jioni, macho nayo hayamfai tena, na kipande cha mwisho cha njia huwa kigumu kuliko safari yote kutoka katikati ya jiji.

Kinachoumiza zaidi ni macho ya watu. Anayeyumba asubuhi kando ya Barabara ya Ngong huhesabiwa kuwa mlevi, na mgeni asiye na ndugu wa kumsemea huchagua kujifungia ndani, jambo ambalo ni dhuluma na pia ni hasara kwa tiba yake, kwa kuwa ubongo huzoea hali mpya kwa kutembea na kufanya mazoezi ya kichwa na macho, wala si kwa kulala. Ni haki kuongeza kwamba vizunguzungu vingi havitokani na uvimbe wowote, bali na vijiwe vya sikio la ndani vilivyohama mahali pake, kipandauso, upungufu wa damu au dawa za shinikizo la damu.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901, na zile za mtaa wa Parklands zina madaktari wa ubongo, masikio, macho na figo, lakini mgonjwa wa aina hii huwahitaji wote, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayebeba picha za MRI kutoka chumba hadi chumba. Dawa ya belzutifan, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, ni ghali kupita uwezo wa mshahara wa kawaida, hivyo upasuaji ndio unaobaki kuwa tegemeo.

Katika vyumba hivyo vyote huulizwa swali lile lile: nani mwingine katika ukoo aliugua? Jibu liko nyumbani, kwa wazee wanaomkumbuka shangazi aliyefariki akifanyiwa upasuaji mdogo, au babu aliyepofuka jicho moja angali kijana. Matukio hayo huhusishwa na uchawi au presha, ilhali ugonjwa huu huweza pia kuotesha uvimbe katika tezi zilizo juu ya figo, ambao hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla wakati wa nusukaputi au wa kujifungua. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kwa sababu hiyo jamaa wa mgonjwa aliyethibitishwa wanapaswa kuzungumza na daktari juu ya vipimo vya figo, ubongo na tezi hizo, na watoto wakaguliwe retina kila mwaka tangu wakiwa wadogo, hata kama wanaona vizuri. Nchini Tanzania, madaktari wa macho wapo katika hospitali za Muhimbili, CCBRT na KCMC ya Moshi, na uvimbe wa retina ukigunduliwa ungali mdogo huweza kuchomwa kwa leza kabla haujaharibu uwezo wa kuona.