Nilivyoukubali Uzazi wa Majira

Nasomesha wanawake chuoni, huku kaskazini ya Pemba, na kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa waliosema dawa za majira ni haramu. Ndivyo nilivyosomeshwa na mimi. Aya niliyoisimamia ni ya 31 katika Suratul Israa, inayokataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara. Mwanamke akiniuliza habari za sindano au vidonge nilimsomea aya hiyo, nikamwambia riziki ya mtoto iko kwa Mungu. Wengi walirudi makwao wameridhika. Wengine walikwenda kituo cha afya kimyakimya na kadi zao wakaziacha kwa dada zao, waume wasizione.

Mimi mwenyewe nilizaa kwa kufuatanisha. Mtoto wangu wa tatu alikuwa bado ananyonya nilipopata mimba ya nne. Nikamwachisha ziwa kabla ya wakati, akaanza kudhoofu, na wazee mtaani wakasema kabemendwa. Mimba yenyewe niliibeba na upungufu wa damu tangu mwanzo. Nilikuwa nikipanda baraza naona kiza, viganja vimekuwa vyeupe, na hamu ya kula udongo hainitoki. Siku ya kujifungua mtoto alitoka salama, ila damu ilinitoka nyingi mno. Mume wangu na kaka yangu wakaitwa usiku ule kuja kuchangia.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikaa nami asubuhi yake. "Bi mwalimu," akaniambia, "mwili wako hauna akiba. Pumzika japo miaka miwili kabla ya kubeba nyengine." Nikamjibu kwa aya yangu. Hakubishana. Aliniuliza tu kama ile ya Suratul Baqara nayo nimewahi kuwasomesha wanafunzi wangu, aya ya 233, ya kina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Aya ile naijua kwa moyo, na nimeisomesha mara nyingi. Lakini nilikuwa nimelala pale, mtoto mmoja kifuani, na mwengine nyumbani ambaye miaka yake miwili hakuipata. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.

Sikukubali siku ile, kwa kuwa neno la muuguzi halikunitosha. Nilitaka kusikia kutoka kwa mtu wa kitabu. Mume wangu akanipeleka kwa ami yake, shekhe mzee ambaye hata maimamu humwendea kwa fatwa. Nilitegemea atanikataza. Aliagiza ateremshiwe kitabu cha Ihyaa cha Imam Ghazali, akafungua mlango wa adabu za ndoa, akatusomea taratibu na kututafsiria, mume wangu upande huu, mimi upande ule.

Kwanza alitukumbusha hadithi ya Jabir, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, mume kumwaga nje, wakati ambao Qurani bado inateremka. Kisha akaja kwa Ghazali mwenyewe, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii. Ghazali anapambanua waziwazi kati ya kuzuia mimba isiingie na kumuua mtoto aliyekwishapatikana. Anahesabu nia zinazokubalika, na mojawapo ni kuuhifadhi uhai wa mke na hatari ya uzazi. Nyingine ni kuogopa dhiki itakayoletwa na watoto wengi. Papo hapo anataja nia mbovu, kama mtu kuzuia kwa kuogopa kupata watoto wa kike. Na hakuficha kwamba kumtegemea Mungu kikamilifu ni daraja ya juu zaidi. Ami hakutuficha wapinzani pia: mwanazuoni Ibn Hazm aliiharamisha azl, na ipo hadithi nyingine anayoitegemea. Aliyasoma yote mbele yetu, akafunga kitabu, akasema hukumu ya vidonge na sindano wanazuoni wengi wa leo wameipima kwa azl hiyo, mradi visimdhuru mama na viwe vya muda. Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, hapo hakutupa ruhusa.

Kilichonishtua ni kwamba Ihyaa tunayo hata sisi nyumbani. Hakuna mwalimu aliyepata kunifungulia ukurasa ule.

Nikachagua kijiti cha kuzuia mimba. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maumivu makubwa. Muuguzi alinilaza, akanigeuza mkono, akanichoma sindano ya ganzi upande wa ndani, juu ya kiwiko, akakata pahala padogo kama kucha na kupitisha vijiti viwili vyembamba chini ya ngozi. Hapakuwa na uzi wa kushonea, plasta tu na bendeji. Hadi leo nikipapasa navihisi. Akaniambia vitakaa miaka 5, na nikitaka kuzaa kabla ya hapo vinatolewa, na kwamba damu inaweza kuja ovyo au kukatika kabisa.

Ikaja ovyo. Na hapa ndipo ninapotaka kina mama wanisikilize, kwa sababu kituoni wanaitaja damu lakini habari ya ibada hawaielezi, na misikitini hawaisemi. Matone leo, kesho safi, keshokutwa matone tena. Ramadhani ikaingia mimi sijui kama nifunge au nile, nisali au nisisali. Nimekutana na wanawake waliokwenda kutoa vijiti kwa sababu hii pekee. Hawakuumwa, ila walichoka kuishi bila kujua kama sala zao zinasihi. Fiqhi ya mambo haya ipo tangu zamani. Kwetu Shafii hedhi haipungui mchana na usiku mmoja na haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, mwanamke huyo ana istihadha: anarejea kwenye ada yake ya zamani, au rangi za damu, kupambanua hedhi yake. Ikishamalizika anaoga, anajisafisha na kujifunga, anatia udhu kwa kila faradhi wakati wake ukiingia, anasali, anafunga. Sasa nasomesha somo hili kwa kalenda mkononi, kila mmoja anaandika siku zake, na maswali hayaishi hadi magharibi.

Wapo wanaosema mipango hii imeletwa ili Waislamu tupungue. Najua hofu hiyo inatoka wapi, na simcheki mtu. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari milioni 1.3, na ya 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9. Hatupungui. Ninaowaona wakipungua mtaani ni kina mama waliofia uzazini, wakaacha mayatima ambao sote tunashindwa kuwalea. Atakayeniambia nizae wachache kwa ajili ya takwimu za serikali sitamsikiliza. Mimi nasema mama apumzike, amnyonyeshe mwanawe miaka yake, kisha azae tena akitaka. Baada ya kupumzika nilivitoa vijiti, nikazaa wa tano nikiwa na damu ya kutosha, kisha nikaweka vingine.

Linalonisumbua bado ni wale wa kadi za kuficha. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wamesema mume asifanye azl bila ridhaa ya mkewe. Mke naye je, mume akikataa hata kusikiliza? Siwezi kumwambia amdanganye mumewe. Na siwezi tena kumtisha kwa moto mama ambaye daktari amemwambia mimba nyingine itamuua. Kwa huyo, ami amenipa kauli kwamba kuilinda roho yake kunatangulia. Kwa waliobaki naomba ruhusa yao, kisha mimi na mume wangu tunakwenda kwao jioni kuzungumza na bwana wa nyumba. Wapo waliotukaribisha chai. Wapo waliotuambia tusikanyage tena pale, na kwa hao tunamtuma ami.