Taa ya Kusomea ya Mwalimu



Wapendwa waamini na wasomaji wa ukurasa huu, juma hili nawaletea jambo la ufundi. Najua kwamba wengi wenu mkiona neno taa katika tafakari ya padre mnakumbuka mara moja ile taa isiyofichwa chini ya pishi, au wale wanawali kumi na mafuta yao. Mafundisho hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na mtayasikia tena. Leo naomba tuitazame taa yenyewe, pamoja na nyaya zake, betri zake na kipande cha mwanzi kinachoishikilia. Na tumtazame mzee mmoja aliyekuwa karibu kuachishwa utume wake kwa kuikosa.

Mzee huyo ni katekista. Ametumikia kigango chake kwa zaidi ya miaka thelathini, huko juu kwenye miteremko ya Uporoto, ambako watu hulima viazi na pareto, na ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Mchana yuko shambani kama kila mtu. Jua la huku kwetu huzama karibu na saa moja jioni, kiangazi na masika, kwa hiyo nafasi yake ya kusoma ni usiku tu. Nguzo za umeme zimefika kijijini, lakini kutoka nguzo ya mwisho hadi nyumbani kwake ni mwendo wa nusu saa. Kwa miaka mingi aliandaa masomo ya Dominika kwa mwanga wa koroboi. Macho yalipoanza kufifia alipatiwa miwani, nayo ikamsaidia mchana. Usiku herufi ndogo za Biblia ziliendelea kumshinda, na moshi ukamzidishia machozi. Siku za Dominika akawa anasoma kwa kusitasita na kuruka mistari. Halmashauri ya kigango ikaniletea ombi, kwa heshima lakini bila kuficha: mzee apumzishwe, atafutwe kijana.

Nilipomtembelea hakulalamika. "Baba," aliniambia, "kichwa bado kinashika. Ni herufi ndizo zimekuwa ndogo, na usiku umekuwa mweusi zaidi." Niliiomba halmashauri inipe miezi mitatu.

Katika miezi hiyo nilikuwa na safari ya Iringa. Padre mwenzangu wa huko alikuwa na boksi la vifaa vya kusomea vitabu, vilivyoletwa na marafiki wa parokia yake kutoka Ulaya. Vilikuwa sita, na vyote vilikuwa kabatini. Nilipouliza sababu, alinijibu kwamba havina taa: watu wanapata nafasi ya kusoma usiku, na usiku havionekani.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana wengi huvichanganya vifaa hivi na vishikwambi, kama vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kishikwambi huwaka chenyewe, kama simu. Kifaa hiki hutumia wino wa kielektroniki. Uso wake una vifuko vidogo mno, kila kimoja kikikaribia unene wa unywele wa mtu, na ndani yake zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukisukuma upande mmoja, chembe nyeusi hupanda na kufanya herufi. Ukisukuma upande wa pili, nyeupe hupanda. Zikishapanda hubaki mahali pake bila kuhitaji umeme mwingine, mpaka ufungue ukurasa unaofuata. Ndiyo maana kifaa kikichajiwa mara moja kinaweza kukaa majuma kadhaa, na ndiyo maana huonekana vizuri juani kama karatasi. Lakini kama karatasi, gizani hakionekani. Utaalamu huu ulianzia katika chuo cha MIT huko Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997. Sony waliuza kifaa cha kwanza cha namna hii nchini Japani mwaka 2004, Amazon wakafuata na Kindle mwaka 2007. Taa za ndani zilianza kuenea kuanzia mwaka 2012. Vile sita vya Iringa vilikuwa vya kabla ya hapo.

Nilimfikiria mwalimu wangu. Kwenye kifaa hiki herufi hukuzwa kwa kubonyeza tu, hata mstari mmoja ukabeba maneno manne. Shida ya herufi ingekwisha, ikabaki ya mwanga. Nikaomba kimoja, nikakitia mkobani, nikarudi Mbeya kwa basi kupitia Mafinga na Makambako.

Taa hiyo aliitengeneza mjukuu wa mzee, mvulana wa kidato cha tatu, akisaidiwa na fundi redio mmoja wa Mwanjelwa. Nawaeleza walivyofanya ili mwenye kutaka aige. Walichukua balbu mbili za LED nyeupe kutoka kwenye tochi iliyokufa, pamoja na swichi yake. Betri walitumia tatu, zile ndogo za redio ya mkono. Zikipangwa mfululizo hutoa volti 4.5, ilhali balbu nyeupe ya LED huhitaji volti 3 hivi. Volti 1.5 inayozidi hubebwa na rezista, kile kijiti chenye mistari ya rangi kilichomo katika kila redio mbovu. Fundi alichagua rezista za omu 100, zenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, moja kwa kila balbu. Ukigawa 1.5 kwa 100 unapata miliampia 15, mkondo mdogo ambao balbu huuvumilia na betri hazichoki upesi. Mguu mrefu wa balbu huelekea upande chanya. Ukigeuzwa, balbu haiwaki.

Betri zilihitaji nyumba. Kijana alikata kipande cha mwanzi mwembamba, mmea ambao wazee wetu wa Iringa wanaufahamu zaidi kwa ulanzi, akatia springi ya kalamu upande mmoja na kipande cha bati upande wa pili. Mkono wa taa ni waya mnene wa shaba unaobaki mafundi wakimaliza kufunga umeme wa nyumba: ukiukunja unakaa ulivyoukunja. Mwisho wa mkono walifunga kibanio cha nguo, ili taa ishike ukingo wa juu wa kifaa. Mwanzoni mwanga uliakisiwa moja kwa moja machoni pa mzee. Waliuinamisha ushuke kwa mshazari, wakaweka kofia ndogo ya bati la kopo la soda, na mbele ya balbu wakabandika karatasi ya pipi ya rangi ya manjano ili kupunguza ubuluu. Gharama yote haikufikia bei ya kuku mmoja wa kienyeji, na betri tatu zinamtosha mzee kama majuma matatu, akisoma saa moja kila usiku.

Nawaonya jambo moja. Msifungue betri za kompyuta za mkononi wala za simu ili kuzitumia kwa kazi hii. Betri hizo zikitobolewa au nyaya zake zikigusana zinaweza kushika moto.

Wapendwa, taa ya kujitengenezea si ngeni kwetu. Koroboi yenyewe ni kazi ya mikono yetu: kopo lililotupwa, utambi wa kitambaa na mafuta ya taa. Wengi mnaosoma hapa, nami nikiwamo, mlijifunza kusoma mbele yake, na asubuhi mkapenga kamasi nyeusi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na koroboi ikawa ghali kwa mtu wa kijijini. LED ndiyo iliyotuokoa. Balbu hiyo nyeupe iliwezekana kwa sababu ya LED ya buluu, ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walituzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua. Kijana wetu alipochomelea nyaya zake alikuwa anaendeleza kazi yao, na kazi ya bibi yake aliyetengeneza koroboi.

Miezi mitatu ilipokwisha nilikwenda kigangoni siku ya Dominika bila kutoa taarifa. Mzee alisimama akasoma somo lote, polepole, bila kuruka mstari. Halmashauri haikukubaliana kwa kauli moja. Wapo waliosema umri ni umri. Mwishoni iliamuliwa kwamba abaki, na kijana mmoja awe msaidizi wake na ajifunze kwake. Naona uamuzi huo ni wa haki, maana miaka haimsubiri mtu.

Tafakari yangu ya juma hili ni fupi. Mtu anapoanza kushindwa kazi aliyoifanya vema miaka mingi, ni rahisi kusema amekwisha. Vile vifaa vya Iringa navyo vilisemwa hivyo hivyo. Kabla ya kumweka mtu kando, tuulize kwanza amepungukiwa na nini. Huenda ni kitu ambacho mtoto wa kidato cha tatu anaweza kukitengeneza kwa jioni mbili.

Vifaa vitano bado viko Iringa, na mwenye navyo amekubali kutupatia kwa ajili ya makatekista wa vigango vyetu vya mbali. Kila kimoja kitahitaji taa. Mwenye tochi zilizokufa au redio mbovu nyumbani, naomba azilete ofisi ya parokia Dominika ijayo baada ya Misa ya kwanza. Kijana atakuwapo, pamoja na vibanio vyake.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko